Seva ya Nyumbani na Njia ya Kurudi



Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia madrasa, maziko, makaratasi ya uhamiaji na lugha ya watoto wetu. Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni la mafundi, lakini kwa undani wake ni la kila nyumba. Ni utunzaji wa kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za familia, na nini la kufanya pale inapopandishwa toleo jipya la programu ikakataa kufanya kazi.

Tunajua kwamba wako watakaosema, "Haya ni ya vijana." Tunawaomba wavumilie. Kilichomo ndani ya kompyuta hizo si cha vijana. Ni sauti za wazee wetu, picha za harusi za Unguja na Mombasa, vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba zilizobaki Ng'ambo na Mji wa Kale, na kanda za maulidi zilizorekodiwa zamani na kuhamishwa kutoka kaseti moja baada ya moja. Vijana wanatunza chombo, lakini mali ni yetu sote.

SEVA NI NINI, NA KWA NINI HUPANDISHWA TOLEO

Seva si mashine ya ajabu. Ni kompyuta isiyozimwa, inayokaa mahali pamoja na kuzihudumia kompyuta na simu nyingine. Mkubwa wa nyumba akitaka kusikiliza sauti ya marehemu mama yake, simu yake huiomba seva, nayo humpa. Katika nyumba zetu nyingi za Toronto ni kompyuta kuukuu iliyotoka ofisini, imewekwa besimenti karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, ina diski moja ya mfumo na nyingine ya mafaili.

Wengi huendesha seva hizo kwa mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Aina moja inayopendwa sana ni Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina hilo halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili: ni utu. Mfumo huo hutolewa bure, na kila baada ya miaka miwili hutoka toleo linaloahidiwa matengenezo ya kawaida kwa miaka mitano.

Hapo ndipo penye fundo. Miaka mitano ikipita, viraka vya usalama vya kawaida hukoma, na kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa dunia bila viraka ni nyumba iliyoachwa bila komeo. Toleo la 20.04, lililotoka Aprili 2020, lilifikia kikomo hicho Mei 2025. Mwenye seva, apende asipende, alipaswa kuhama. Tena mfumo huo haumruhusu mtu kuruka daraja: atokaye 20.04 hupita kwanza 22.04, ndipo aende 24.04.

Kupandisha toleo, basi, si anasa. Ni wajibu wenye hatari ndani yake, na swali ni namna ya kuutimiza bila kupoteza amana.

IJUMAA YA ARAFA, 2022

Asiyeamini kwamba matengenezo ya kawaida yanaweza kuangusha jengo zima, na akumbuke Ijumaa ya tarehe 8 Julai 2022. Kwa hesabu ya Makka ilikuwa tarehe 9 Mfunguo Tatu, siku ya Arafa. Wengi wetu tulikuwa tumefunga, na Idi ya kuchinja kwa wanaoifuata hesabu hiyo ilikuwa kesho yake. Ni siku ambayo simu za familia zetu hazipumziki, kati ya Toronto, Zanzibar, Mombasa, Maskat na London.

Alfajiri hiyo, kabla ya jua kuchomoza, mtandao wa kampuni ya Rogers ulianguka nchi nzima. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa simu za mkononi, simu za nyumbani au intaneti. Huduma ya Interac, ambayo kwayo watu hulipa madukani kwa kadi za benki na kutumiana fedha, ilisimama. Wapo walioshindwa hata kupiga 911 kuomba msaada wa dharura. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa saa 26 hivi.

Haukuwa uhalifu wala mvua ya mawe. Kampuni ilikuwa katikati ya kazi ya kuboresha kiini cha mtandao wake, kazi iliyogawanywa katika hatua saba. Hatua tano za mwanzo zilikwenda salama. Katika ya sita, mafundi waliondoa chujio moja katika ruta, yaani zile mashine zinazoelekeza njia za mawasiliano. Chujio hilo ndilo lililokuwa likizuia wingi wa taarifa za njia usimiminike kwenye ruta za kiini. Lilipoondolewa, taarifa zilifurika, ruta zikazidiwa na kuanguka kwa dakika chache.

Ripoti ya uchunguzi iliyotangazwa mwaka 2024 na CRTC, mamlaka ya mawasiliano ya Canada, ina mambo mawili ambayo tungependa kila mwenye seva ya nyumbani ayashike.

La kwanza ni kwamba hatari ya kazi ile ilipimwa mwanzoni kuwa kubwa. Kwa kuwa hatua za awali zilifanikiwa, kipimo cha hatari kilishushwa, na hatua ya sita ikaingia katika daraja la hatari ndogo. Usalama wa jana ukachukuliwa kuwa dhamana ya leo.

La pili ni zito zaidi. Mafundi walipotaka kuzifikia mashine zao ili wazirekebishe, waliona kwamba njia ya kuzifikia ilipita ndani ya kiini kile kile kilichoanguka. Hata simu zao za kuulizana zilikuwa za mtandao huo huo. Ilibidi zitafutwe kadi za simu za makampuni mengine, na watu wafike mahali penye mashine kwa miguu yao. Kulitambua chanzo peke yake kulichukua saa 14.

Kwa lugha ya nyumbani, walifunga mlango na ufunguo ukabaki ndani. Ikiwa kampuni yenye maelfu ya mafundi ilifikwa na hayo, sisi wenye kompyuta moja ya besimenti hatuna la kujidai. Tunayo faida moja lakini: njia ya kurudi ya kompyuta moja inaweza kutengenezwa kwa jioni moja na kwa gharama ndogo, mradi itengenezwe kabla.

SEVA YA NYUMBA MOJA YA SCARBOROUGH

Mei 2025 tulialikwa katika nyumba moja ya wenzetu wa asili ya Pemba, Scarborough, nasi tukaona mambo kwa macho yetu. Seva ya nyumba hiyo inahifadhi mazungumzo ya bibi wa ukoo, aliyefariki mwaka 2011, akitaja nasaba, akisimulia mavuno ya karafuu na kuwafundisha wajukuu maneno ya Kipemba ambayo hapa hakuna tena ayasemaye. Anayeitunza ni mjukuu wake, binti wa chuo. Ami yake wa Mississauga huweka diski yenye nakala ya akiba, nayo hubadilishana mikono kila mwezi familia inapokutana.

Jumamosi ile binti aliupandisha mfumo kutoka 20.04 hadi 22.04. Kabla ya kuanza alichukua nakala kamili ya diski ya mfumo, akaichomoa na kuiweka kabatini. Kazi ilikwenda saa moja na nusu bila lawama. Seva ilipowashwa upya, mfumo uliamka vizuri, lakini programu inayofungua hazina ya mafaili ilikataa. Badala ya picha na sauti, pakaja mstari mmoja wa maandishi ya Kiingereza juu ya ukurasa mweupe.

Ami alipigiwa simu. Shauri lake lilikuwa fupi: kila kitu kifutwe, mfumo uwekwe upya, kisha nakala ya Mississauga irudishwe. Ni shauri lisemwalo na wengi, na mara nyingine hufaa. Lakini nakala ya Mississauga ilikuwa ya mwezi uliopita. Baada yake familia ilikuwa imerekodi saa mbili za mazungumzo na mzee mmoja, ndugu wa mwisho aliye hai wa yule bibi, kabla hajapanda ndege kurejea Wete. Saa mbili hizo zilikuwa katika diski ya mafaili ya seva ile tu.

Binti alijibu kwa adabu, nasi tukisikia: "Ami, niwie radhi, tusifute kwanza. Programu ndiyo iliyokataa. Mafaili yapo."

Akaizima seva, akachomoa waya wa diski ya mafaili na kuiweka mezani juu ya taulo. Alichofanya ni kukitenga kile kisichoweza kupatikana tena na kile kinachoweza kuwekwa upya hata mara mia. Jioni ile ilinunuliwa diski mpya, na kitu cha kwanza kilichofanywa si kutengeneza bali ni kunakili. Asubuhi ya Jumapili sauti ya mzee ilikuwa mahali pawili, na hapo ndipo kila mtu alipokunywa chai kwa raha.

NAMNA MARADHI YALIVYOTAMBULIWA

Kilichofuata kilitufundisha kwamba kutengeneza seva hakutofautiani sana na utabibu. Haanzi mtu kwa dawa. Huanza kwa kusikiliza.

Kwanza, ule mstari ulisomwa wote, neno kwa neno. Wengi wetu tuonapo maandishi ya hitilafu huyafunga kwa hofu, kumbe mara nyingi ndiyo shahidi bora kuliko wote. Mstari ulisema kwamba programu ya hazina haikubaliani na toleo jipya la PHP. PHP ni lugha ya kompyuta ambayo programu nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwayo, na mfumo huja na toleo lake. Ubuntu 20.04 ilikuwa na PHP 7.4, na 22.04 ina PHP 8.1. Programu ya hazina, kwa toleo lililokuwapo nyumbani mle, ilikubali mwisho 8.0. Nyumba ilikuwa imeinuliwa, na ngazi ya zamani haikufika tena mlangoni.

Pili, liliangaliwa daftari la matukio, yaani orodha ambayo seva huiandika yenyewe ikitaja saa na kila linalotokea. Huko ilithibitika kwamba hifadhidata ni nzima na diski hazikulalamika. Maradhi yalikuwa moja, si matatu.

Tatu, ulitafutwa mpangilio sahihi. Programu ile isingeweza kujipandisha toleo yenyewe, kwa sababu ilikuwa imekataa hata kuamka. Ikabidi kurudi nyuma ili kwenda mbele. Nakala ya diski ya mfumo ilitolewa kabatini, ikarudishwa juu ya diski ya akiba, na seva ikaamka kama ilivyokuwa Jumamosi asubuhi, ikiwa na PHP yake ya zamani. Hapo binti aliipandisha kwanza programu ya hazina hadi toleo linalokubali PHP ya zamani na mpya pia. Sisi tuliliita toleo la daraja, kwa kuwa mguu wake mmoja uko ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Likajaribiwa kwa mafaili machache. Ndipo mfumo ukapandishwa tena hadi 22.04, na safari hii hazina ikafunguka. Diski ya mafaili ilirudishwa mwisho kabisa.

Hakuna chombo kilichokuwa kibovu siku ile. Mfumo ulikuwa mzuri, na programu pia. Mpangilio wa hatua ndio uliohitilafiana, nao hugunduliwa kwa kusoma masharti ya matoleo mapya kabla ya kubonyeza kitufe.

Tuliona jambo jingine dogo lenye thamani kubwa. Maneno ya siri ya seva na maelezo ya namna ya kuirudisha nakala yalikuwa yameandikwa kwa kalamu katika daftari la karatasi. Lau yangewekwa ndani ya seva yenyewe, kama wafanyavyo wengi, yangekuwa yamefungiwa pamoja na ugonjwa. Hapa tukaikumbuka Ijumaa ya Arafa: njia ya kurudi isipite ndani ya kitu kile kinachobadilishwa.

WALIOTUTANGULIA

Kanuni hii haikuzaliwa na kompyuta. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa katika vifua vya watu kabla ya kuwa katika vitabu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza W. E. Taylor. Karatasi hizo zilifika London, na mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani yake huko Johannesburg. Chuma cha Mombasa, nakala ya London, chapa ya Johannesburg: moja ingeungua, nyingine ingesalia.

Na hapa hapa Toronto tunao mfano wa mtunza kompyuta mmoja. Henry Spencer, aliyeziangalia kompyuta za idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alihifadhi katika kanda za sumaku majadiliano ya mtandao wa Usenet kuanzia mwaka 1981 hadi 1991. Kanda hizo zilifika 141, zenye ujumbe zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2001 zilipowekwa wazi kwa umma, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu ya muongo mzima ilikuwa imesalimika kwa sababu mtu mmoja hakuzifuta kanda zake.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa faida ya nyumba zetu, tunayakusanya tuliyojifunza.

1. Kila kisichoweza kupatikana tena kiwe na nakala tatu: moja katika seva, ya pili katika diski iliyochomolewa, na ya tatu nje ya nyumba kabisa, kwa jamaa au katika hifadhi ya kukodi. Moto na maji ya besimenti havichagui diski.

2. Nakala inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa neno la siri, maana picha za familia ni stara za watu. Neno hilo walijue watu wawili wanaoaminika, asije akafariki mmoja akaondoka nalo.

3. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Mara mbili kwa mwaka irudishwe katika diski nyingine, na faili moja la sauti lisikilizwe mwanzo hadi mwisho.

4. Siku ya kupandisha toleo, nakala ichukuliwe asubuhi ile ile, ya diski zote. Ya mwezi uliopita haitoshi. Nyumba ya Scarborough sasa inafanya hivyo.

5. Yasomwe masharti ya toleo jipya la mfumo, na ya kila programu inayoutegemea. Likipatikana toleo la daraja, lianze hilo.

6. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila hatua iandikwe katika daftari la karatasi kwa tarehe na saa.

7. Kazi isifanywe usiku wa kuamkia Idi, wala kumi la mwisho la Ramadhani, wala siku ambayo fundi wa nyumba ana mtihani. Na ifanywe mbele ya seva yenyewe, skrini na kibodi vikiwa vimeunganishwa, si kwa njia ya mtandao kutoka mbali.

8. Ikikataa, isifutwe. Izimwe, diski ya mafaili ichomolewe, mstari wa hitilafu unakiliwe, ndipo aulizwe mjuzi.

9. Kufanikiwa mara tano si hoja ya kulegeza uangalifu mara ya sita.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Tumewahi kuwasikia wazazi wakiwakaripia watoto kwa kukaa na kompyuta usiku kucha, na pengine wana haki. Lakini mtoto anayeilinda sauti ya bibi yake anafanya kazi ya mirathi. Tusimwachie peke yake. Tukae naye saa moja, tumwambie ni nani huyo anayesikika katika kanda, jina la mji, mwaka, na maana ya neno asilolijua, naye aandike. Faili lisilo na jina wala maelezo, hata likiwa na nakala kumi, baada ya kizazi kimoja litakuwa sauti ya mtu asiyejulikana.

Na wewe mzee mwenzetu uliye na kaseti katika sanduku chini ya kitanda, usingoje. Utepe huo unachakaa kila mwaka unaopita. Mpe kijana mmoja leo, kaseti moja, na ukae naye inaposikilizwa.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana tulizopewa, awarehemu waliotangulia, na awape watoto wetu subira na maarifa. Wabillahi tawfiq.